Jinsi ya Kusoma Madoa ya MS kwenye Picha za Ubongo: Kuanzia Mashine ya MRI hadi Ripoti

Weka picha mbili za MRI, yaani za mashine ya sumaku, kando kwa kando kwenye kompyuta yako. Ya kwanza ni ya mama wa miaka 61 ambaye ametumia dawa za presha kwa miaka mingi. Ya pili ni ya binti wa miaka 27 aliyeamka asubuhi moja jicho la kulia limefifia, na mwaka uliotangulia miguu ilimfa ganzi kwa wiki tatu, kisha ikapona yenyewe. Ubongo wa kila mmoja una madoa meupe. Ukiyahesabu tu, mama anaweza kumzidi binti. Lakini mwenye kushukiwa maltipo sklerosisi, ugonjwa tuuitao MS kwa kifupi, ni binti.

Nawaandikia madaktari wanaosomea radiolojia, wanafunzi wa uzamili, na vijana wa kompyuta wanaotaka kuchambua picha za ubongo. Nimeona wengi wakianzia mwisho: wanapakua programu ya kuhesabu madoa, wanaipa picha, wanapata namba, namba inaingia kwenye tasnifu. Namba hiyo haisemi kitu kama hujui kila doa limekaa wapi, lina umbo gani, na limejitokeza lini.

Hatua ya kwanza: jua doa linavyozaliwa

Nyuzi za fahamu zimevikwa mayelini, utando wa mafuta unaozilinda kama plastiki inavyolinda waya wa umeme. Katika MS kinga ya mwili huugeukia utando huo. Seli za kinga hupenya kutoka kwenye vena ndogo, huanza kuila mayelini iliyo pembeni ya vena hiyo, na baadaye panabaki kovu. Jean-Martin Charcot aliyaeleza makovu hayo mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Mwaka 1916, huko Edinburgh, James Dawson alionyesha kwa darubini kwamba makovu mengi hufuata njia ya vena zinazozunguka vyumba vya maji ya ubongo.

Shika hilo la vena. Karibu kila alama utakayoitafuta baadaye inatokana nalo. Kwa kuwa vena hizo hukaa wima juu ya vyumba vya maji, madoa ya MS huonekana marefu, yamesimama kama vidole vilivyonyooshwa kutoka kwenye vyumba hivyo. Wataalamu huviita vidole vya Dawson hadi leo.

Picha za kwanza za MRI za wagonjwa wa MS zilichapishwa na Ian Young na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1981. Zilionyesha madoa mengi ambayo CT, picha ya eksirei ya kompyuta, haikuyaona kabisa. Kwa hiyo mtu asikushawishi kwamba CT safi inatosha kuondoa shaka ya MS.

Hatua ya pili: pata picha zinazofaa

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupiga picha mwenyewe kwenye mashine ya hospitali, ya 1.5 au 3 Tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku). Omba aina hizi za picha:

- FLAIR ya pande tatu, yenye vokseli (chembe za picha) za milimita 1 kila upande. Hii ndiyo mama wa zote: maji ya ubongo hugeuka meusi, doa likabaki jeupe. Mashine ikishindwa, chukua vipande visivyozidi unene wa milimita 3, bila nafasi kati yake.
- T2 ya kawaida, kwa ajili ya shina la ubongo na serebela (ubongo mdogo wa nyuma), mahali ambapo FLAIR hudanganya.
- T1 bila dawa, na ikihitajika T1 baada ya gadolini, dawa inayochomwa mshipani ili doa lenye uvimbe ling'ae.
- Picha inayohisi chuma na damu ya vena, ya aina ya SWI au T2*, kama unataka kuiona vena iliyo katikati ya doa.
- Uti wa mgongo. Watu huuacha ili kuokoa muda, na hapo ndipo utafiti mwingi unapopungukiwa.

Kuhusu gadolini: kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Baada ya kuichoma subiri angalau dakika 5, na 10 ni bora zaidi. Ukikimbilia kupiga picha mara tu sindano ikitoka, doa linalowaka, yaani linalong'aa kwa dawa hiyo, utalikosa. Pima figo kwanza kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tatizo la figo. Wala usiichome kwa mazoea kila mara mgonjwa anaporudi, maana mabaki ya dawa hii hubaki mwilini.

Kama ni utafiti, kibali huja kabla ya picha. Utapita kwa mamlaka ya utafiti ya nchi, Tanzania NIMR, Kenya NACOSTI, Uganda UNCST, pamoja na kamati ya maadili ya chuo au hospitali yako. Na ujue kwamba picha ya pande tatu ya kichwa inaweza kurudisha sura ya mtu kwenye skrini, pua na midomo. Kufuta jina hakutoshi. Futa na uso kabla ya kumpa mtu mwingine faili.

Njia ya pili ni data za wazi, na huna haja ya kuzionea haya. Shindano la MSSEG, la programu za kuchora madoa ya MS, la mwaka 2016 lilikuwa na wagonjwa 53 waliopigwa picha kwenye mashine tofauti, na madoa ya kila mmoja yakachorwa na wataalamu saba, kila mtu peke yake. Chuo Kikuu cha Ljubljana kimetoa picha za wagonjwa 30 zenye michoro waliyokubaliana wataalamu watatu. Mwanafunzi aliye Dodoma au Bukavu, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kuungaunga, anaweza kujifunza hapo kazi yote iliyomo humu bila kugusa mashine.

Hatua ya tatu: andaa faili

Hii ni kazi ya fundi, nitaipita haraka. Geuza DICOM, faili zinazotoka kwenye mashine, kuwa NIfTI, faili za kuchambulia, kwa programu ya dcm2niix. Zipange folda kwa BIDS, mtindo wa pamoja wa kupanga data za ubongo, ili wewe mwenyewe usipotee baada ya miezi sita. Linganisha T1 na FLAIR ya mgonjwa yuleyule zikae mahali pamoja, sawazisha mwanga kwa programu ya N4, ondoa fuvu. Kisha fungua kila picha uitazame kwa macho. Hakikisha kushoto ni kushoto. Hakikisha kuondoa fuvu hakukukata na ganda la ubongo, maana doa lililo kwenye ganda litakuwa limeondoka nalo.

Hifadhi picha ghafi mahali pake. Usiifanyie kitu.

Hatua ya nne: tazama kabla ya kuchora

Hapa kaa. Ukiwa na saa moja kwa mgonjwa, tumia nusu yake hapa.

Vigezo vya McDonald vya kutambua MS, vilivyoanza mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa, ndivyo vinavyotuelekeza pa kutazama. Toleo la 2017 linataja maeneo manne: kando ya vyumba vya maji, kwenye ganda la ubongo au lililogusana nalo, nyuma chini kwenye shina na serebela, na uti wa mgongo. Marekebisho ya 2024 yameongeza neva ya jicho kuwa eneo la tano, na yamezipa nafasi alama ya vena na alama ya ukingo wa chuma, nitakazozieleza. Doa linalohesabika liwe na urefu wa milimita 3 au zaidi.

Anza na FLAIR iliyokatwa ubavuni, kichwa kikiwa kimeelekea upande. Tafuta daraja nene linalounganisha nusu mbili za ubongo. Upande wake wa chini ndipo madoa ya MS hupenda kujificha, na mtu anayetazama picha zilizokatwa kwa mlalo tu huyapita. Vidole vya Dawson navyo huonekana vizuri zaidi hapa.

Nenda kando ya vyumba vya maji. Doa linalohesabika limeugusa ukuta wa chumba. Kama kati ya doa na ukuta kuna sehemu nyeupe ya ubongo (ile ya nyuzi) iliyo salama, hata nyembamba, usiliweke kwenye kundi hili. Usidanganywe na kofia nyeupe zinazovika ncha za vyumba hivyo. Hata watu wasio na ugonjwa wanazo, hasa umri ukisogea.

Kisha ganda. Doa la MS huligusa, linakaa kwenye nyuzi fupi zilizopinda chini yake. Madoa ya presha kwa kawaida huziacha nyuzi hizo salama na kukaa ndani zaidi. Hii ni tofauti moja kati ya zile zitakazokusaidia sana kazini, kwa sababu katika hospitali zetu mgonjwa mwenye madoa meupe mara nyingi ni wa presha au kisukari.

Kwenye shina la ubongo badilisha picha, tumia T2. Doa la MS hupenda pembeni, karibu na uso wa shina au sakafu ya chumba cha nne cha maji. Doa la mishipa ya damu iliyochoka hupenda katikati. Ukiliona kwenye FLAIR tu na T2 haina kitu, lishuku. Mapigo ya damu na mtiririko wa maji hutengeneza vivuli vyeupe hapo. Katika mafunzo yangu ya mwanzo nilihesabu vivuli vya namna hiyo kama madoa matatu, na mgonjwa akaandikwa ana ugonjwa eneo lile. Mwalimu wangu alinirudisha kwenye T2, hakukuwa na doa hata moja. Tangu hapo silihesabu doa la shina bila picha ya pili kulithibitisha.

Uti wa mgongo: doa la MS huwa fupi, chini ya urefu wa pingili mbili, na hukaa pembeni bila kujaza nusu ya uti. Likienea pingili tatu au zaidi na kujaza katikati, simama. Fikiria NMOSD, ugonjwa wa kingamwili dhidi ya akwaporini-4, ambao huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu. Kosa hili lina gharama: baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta, zinaweza kumzidishia mgonjwa wa NMOSD ugonjwa. Kipimo cha damu cha kingamwili hiyo kiombwe mapema.

Kwa Afrika Mashariki orodha ya washukiwa wengine ni ndefu kuliko ilivyo kwenye vitabu vya Ulaya. Mgonjwa mwenye VVU anaweza kuwa na weupe ulioenea sawasawa pande zote, au maambukizi ya virusi vya JC yanayokula sehemu nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine. Kifua kikuu na toksoplasma mara nyingi huweka duara zinazong'aa baada ya dawa. Tegu wa nguruwe huacha vijipu vya maji, na vikizeeka huwa vitone vya chokaa ambavyo CT huviona vizuri kuliko MRI. Upungufu wa vitamini B12 huharibu uti wa mgongo kwa nyuma. Kipandauso nacho huacha vitone vidogo vilivyotawanyika. Uliza historia. Picha isiyo na historia ya mgonjwa ni nusu ya picha.

Ukiwa na SWI, tafuta vena: mstari mweusi mwembamba, au nukta, katikati ya doa, unaoonekana katika mielekeo isiyopungua miwili. Usiyahesabu madoa yaliyoungana wala yaliyo chini ya milimita 3. Kanuni iliyotumika sana ni ya asilimia 40: madoa yenye vena yakivuka kiwango hicho, MS inapata nguvu. Wengine hutafuta madoa sita tu yenye vena na kuishia hapo, jambo linalookoa muda mwingi kliniki. Ukingo mweusi unaozunguka doa kama pete ni alama nyingine: ni seli zilizobeba chuma, ishara kwamba doa la zamani bado linafukuta taratibu kwa ndani.

Malizia na T1. Doa linalobaki jeusi kwa miezi mingi huitwa shimo jeusi, na lina maana kwamba nyuzi zenyewe zimekatika, si mayelini tu. Lakini doa jipya lenye uvimbe pia linaweza kuwa jeusi, kisha likarudi. Usiliite shimo la kudumu mpaka ulione tena baada ya nusu mwaka hivi.

Hatua ya tano: chora na upime

Tumia ITK-SNAP au 3D Slicer, zote ni za bure. Chagua kiwango cha mwanga wa skrini, kiandike, na usikibadilishe kwa mgonjwa anayefuata. Ukiongeza mwanga, madoa yote yananenepa, nawe utadhani ugonjwa umekua.

Fanya hesabu ya ukubwa kwa mkono angalau mara moja ili uijue mipaka yako. Doa la mviringo lenye kipenyo cha milimita 3 lina ujazo wa takriban milimita 14 za ujazo. Kwenye picha yenye vokseli za milimita 1 kila upande, hilo ni vokseli 14. Kwenye picha ya 1 × 1 × 3, ni vokseli zisizofika tano. Ukikosea mbili umepoteza karibu nusu ya doa. Ndiyo sababu nilisisitiza FLAIR ya pande tatu.

Wawe wachoraji wawili, kila mmoja asione kazi ya mwenzake wala jina la mgonjwa. Baada ya wiki mbili rudia sehemu ya picha zako mwenyewe. Kipimo cha kukubaliana kinachotumika sana ni cha Dice: zidisha eneo mlilokutana kwa mbili, gawa kwa jumla ya mlichochora. Ukichora vokseli 120, mwenzako 100, mkakutana kwenye 88, ni 176 gawa kwa 220, yaani 0.80. Hicho ni kiwango kizuri. Kwa madoa madogo Dice hushuka hata pale wachoraji wote wawili walipoliona doa lilelile, kwa hiyo ripoti pia ni madoa mangapi mliyoyaona wote na mangapi aliyaona mmoja.

Programu za kujiendesha kama LST-AI, SAMSEG na nnU-Net zinafanya kazi nzuri, nami nazitumia. Nazitumia kama msaidizi anayeandaa rasimu. Zimefunzwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani, kwa wagonjwa ambao tayari wamethibitishwa kuwa na MS. Haziulizi kama weupe huu ni wa presha. Ukiipa picha ya yule mama wa miaka 61, itakuchorea madoa na kukupa ujazo wake bila kusita.

Jambo moja kwa wanaotaka kupima kusinyaa kwa ubongo: jaza madoa kwanza. Shimo jeusi kwenye T1 lina rangi inayokaribia ya sehemu ya kijivu ya ubongo (ile ya seli, si ya nyuzi), na programu italiweka huko. Usipojaza, mgonjwa mwenye madoa mengi ataonekana ana sehemu ya kijivu zaidi ya aliyonayo.

Hatua ya sita: linganisha na picha ya zamani

MS ni ugonjwa wa kutawanyika mahali na katika wakati. Doa jipya kwenye picha ya pili, au doa linalowaka kwa gadolini likiwa pamoja na lisilowaka kwenye picha moja, ni ushahidi wa wakati. Kuwaka huko mara nyingi hudumu chini ya wiki nne, hivyo picha isiyo na doa linalowaka haimaanishi ugonjwa ulikuwa umelala mwaka mzima.

Mgonjwa akianza dawa, piga picha mpya ya msingi baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha ulinganishe zinazofuata na hiyo. Madoa yaliyozuka kabla dawa haijafanya kazi yasihesabiwe dhidi ya dawa. Tumia mashine ileile na mipangilio ileile. Mashine ikibadilishwa, andika tarehe kwenye daftari la utafiti. Unapolinganisha, usiburute picha ya pili pekee ikae juu ya ya kwanza. Zisogeze zote mbili zikutane nusu ya njia ili zote zififie kiasi kimoja, kisha toa moja kwenye nyingine. Doa jipya litabaki linang'aa peke yake.

Hatua ya saba: rudi kwa mgonjwa

Utakuta mtu mwenye madoa ishirini anapanda ngazi bila shida, na mwingine mwenye matatu anatembea kwa fimbo. Watafiti wameshindana na kitendawili hiki miaka mingi. Sehemu kubwa ya jibu ni mahali: doa dogo kwenye uti wa mgongo linakata njia ya miguu yote miwili, wakati doa kubwa mbele ya ubongo linaweza kukaa kimya. Kwa hiyo usimpe daktari wa mishipa ya fahamu jumla peke yake. Mpe jedwali la maeneo.

Wapo pia waliopigwa picha kwa sababu nyingine, kama ajali ya pikipiki, yakakutwa madoa yenye sura kamili ya MS bila dalili yoyote. Hali hiyo ilipewa vigezo vyake na kundi la Darin Okuda mwaka 2009. Mtu huyo anahitaji daktari wa kumfuatilia na kumweleza. Asikabidhiwe bahasha yenye neno asilolijua akalitafute simuni usiku.

Ripoti ya yule binti ningeiandika hivi: "Madoa saba kwenye FLAIR na T2: manne yamegusa vyumba vya maji, mawili kati ya hayo yana umbo la vidole, mawili yamegusa ganda, kulia mbele na kushoto pembeni, moja lipo pembeni ya shina, limethibitishwa kwenye T2. Moja la ganda linawaka kwa gadolini. Vena ya katikati imeonekana kwenye madoa matano kati ya sita yanayofaa kutathminiwa. Shingo: doa moja fupi, usawa wa pingili ya nne. Mtawanyiko wa mahali na wakati umetimia kwa picha. Tunashauri kingamwili za akwaporini-4 na MOG, kipimo cha VVU na vitamini B12, na maji ya uti wa mgongo, kabla ya kumwambia mgonjwa jina la ugonjwa."